Tumbo la Bosi

Mama Bosi alikigusa kwa bahati mbaya. Alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni uani, jua la saa tisa likiwapiga mgongoni, vidole vyake vimejaa povu. Vikapita chini ya kitovu, upande wa kushoto, vikakutana na kitu kigumu. Akaurudisha mkono. Akabonyeza tena, taratibu. Kilikuwepo, kama kiazi kilichofichwa chini ya ngozi.

"Unanibonyeza nini?" Bosi akauliza.

"Nakusugua."

"Hapo hapana uchafu. Sugua miguu."

Jina la Bosi alipewa na baba yake, kwa sababu alianza kutoa amri kabla hajajua kutembea vizuri. Sasa binti huyu alikuwa na miaka minne, na nyumba nzima ilikwenda kwa kauli yake: nani akae wapi, nani ale na kijiko gani, nani anyamaze. Siku hiyo mama yake aliitii amri, akasugua miguu. Lakini macho yake hayakuondoka kwenye tumbo.

Dada mkubwa wa Mama Bosi alianza hivyo hivyo. Alikuta kitu tumboni, akaambiwa ni gesi, akacheka na watu, akaendelea na kazi. Kilipokuja kujulikana kuwa ni uvimbe mbaya, hakuwa tena na nguvu za kusimama. Mama Bosi ndiye aliyemlisha uji mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alimfunga mtoto kwenye taulo, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Hakumwambia mtu jioni ile, wala kesho yake. Alikwenda kazini kama kawaida, kwenye kiwanda cha mikate, akasimama kwenye meza ndefu ya kukatia unga. Kazi yake ilikuwa kumega donge, kulipima, kuliviringisha, kulitia kwenye trei. Mikono ilizoea kiasi kwamba akili ilikuwa huru kwenda itakako, na siku zile akili ilikwenda pabaya. Mwenzake wa meza moja alimwuliza mara mbili kama anaumwa. Alijibu ni uchovu tu.

Nyumbani kulikuwa na shida nyingine, na kila mtu alidhani hiyo ndiyo shida yenyewe. Bosi alikuwa anajichafua. Ilianza kama doa kwenye chupi, kisha ikawa kila siku, choo chepesi kama uji kinachotoka bila yeye kujua. Mwalimu wa chekechea alimwita Mama Bosi pembeni ya geti, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, samahani. Mtoto anaharisha mfululizo. Wazazi wenzako wananijia juu. Mkae naye kwanza mpaka tumbo litulie."

Ikabidi Bosi abaki na bibi yake, mama wa baba yake, aliyeishi nao kwenye chumba cha nyuma. Bibi alikuwa mtu wa kujituma. Alimpikia mtoto uji mwepesi, akamnywesha maji ya chumvi na sukari, akanunua kwenye duka la dawa vidonge vya kukata kuharisha, akampondea kimoja kila asubuhi. Chupi zilizidi kuchafuka. Kamba ya nguo uani ilijaa vitambaa vidogo vidogo. Bosi naye akaanza kupungua maneno. Alipoteza hamu ya kula, uso ukasawijika, tumbo likatuna kama la mtoto aliyemeza mpira.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wote waliliona na hakuna aliyelielewa. Mara kwa mara Bosi aliacha alichokuwa anafanya, akakimbilia nyuma ya kabati, akasimama kwa ncha za vidole, miguu ameipishanisha, mikono imeshika ukingo wa kabati, uso umekaza na kijasho chembamba puani. "Anasukuma, maskini," Bibi alisema. "Tumbo linamkata." Ukimsogelea, alipiga kelele uondoke. Baada ya muda alitoka, akarudi kwenye mchezo wake kama mtu aliyetoka vitani.

Ni baba yake aliyemfungua mama mdomo. Alikuwa seremala, karakana yake ni banda lililounganishwa na ukuta wa nyumba, na mchana mmoja mke wake alimpelekea chai, akasahau kumpa. Alisimama na kikombe mkononi, anatazama randa ikienda na kurudi juu ya ubao.

"Mama Bosi, una nini?"

"Sina kitu."

"Unakonda. Huli. Jana nilikuita mara ngapi?"

Akaweka kikombe juu ya maranda. Akasema kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetapika, "Mtoto ana uvimbe tumboni. Nimeugusa. Uko kama ule wa dada."

Seremala aliiweka randa chini. Alikwenda ndani, akamkuta Bosi amejilaza kwenye mkeka, akapiga magoti, akamwomba ruhusa ya kushika tumbo. Bosi alimpa. Mama Bosi alisimama mlangoni akiutazama uso wa mume wake, na alipoona kidevu kinaanza kumtetemeka, akakaa kwenye kizingiti.

"Kesho asubuhi," mume alisema. "Kesho asubuhi tunakwenda."

Kwenye benchi la zahanati walikaa watatu bega kwa bega, Bosi katikati. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya bluu hadi usawa wa kichwa, na pale vichwa vya watu vilipoegemea, rangi ilikuwa imeng'aa kwa mafuta ya nywele. Mama Bosi hakuomba mtoto awe mzima. Hilo aliona ni kubwa mno. Aliomba tu asiumie sana.

Daktari alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alisikiliza yote: homa, damu, kuharisha, vidonge, uvimbe. Kisha akamlaza Bosi kitandani, akapasha mikono yake moto kwa kuisugua, akalishika tumbo. Alibonyeza kushoto, katikati, kulia. Alitazama njia ya haja bila kuingiza kitu. Akamgeukia mama.

"Hiyo damu uliyoitaja. Ilikuwa lini?"

"Zamani kidogo. Alikuwa na homa, hakula wala kunywa. Alipopata choo kilikuwa kigumu kama kokoto, kikamchana. Alilia siku ile mpaka sauti ikakauka."

"Na baada ya hapo ndipo akaanza kusimama nyuma ya kabati?"

Mama Bosi alifikiri. "Ndiyo. Baada ya hapo."

"Hasukumi pale, mama. Anabana. Anaogopa kuumia tena, kwa hiyo choo kikija anakirudisha. Kikirudi ndani kinazidi kukauka na kuwa kikubwa. Hilo ulilolishika si uvimbe. Ni choo."



"Choo?" Mama Bosi akasema. "Daktari, mtoto anaharisha. Kutwa nzima anaharisha."

"Hicho kinachotoka ni maji maji yanayopenya pembeni ya choo kilichoganda. Mfereji ukizibwa na taka, maji hayatoki vizuri, lakini yanavuja. Mtoto hajui yanatoka lini. Asigombezwe kwa hilo, na asipewe tena kabisa dawa ya kukata kuharisha. Mmekuwa mkikaza kitu ambacho tayari kimekaza."

Mama Bosi alitaka kufurahi. Lakini hakuthubutu. Dada yake naye aliambiwa ni gesi.

Daktari aliwapa pakiti za unga mweupe usio na harufu. Alieleza polepole, na akamtaka baba ayarudie maneno yake. Unga unachanganywa kwenye maji, mtoto ananywa, ule unga unayashika maji na kuyapeleka mpaka chini kulainisha choo. Kila siku waongeze kipimo kama alivyoandika, mpaka choo kilichoganda kitoke chote na kianze kuja maji matupu. Hapo warudi.

"Siku za mwanzo atajichafua kuliko sasa," alisema. "Mtaona kama mmeharibu. Msiache. Lakini akitapika, au tumbo likivimba likakaza, au akakataa kunywa kabisa, msisubiri, mleteni."

Bibi aliwasubiri uani, mikono kiunoni. Mwanawe alipomaliza kueleza, aliinua pakiti moja, akaisoma nje ndani kana kwamba imeandikwa matusi.

"Hebu nisikie vizuri, nisije nikawa nimezeeka masikio. Mtoto anaharisha, na nyie mmepewa dawa ya kumharisha?"

"Ndivyo, mama."

"Huyo daktari amesomea wapi, sokoni?"

Kikombe cha kwanza Bosi alikinywa bila taabu, kwa kuwa alikuwa na kiu. Cha pili alikiangalia kwa shaka. Kufikia siku iliyofuata alishafahamu mchezo, akafunga meno. Mama yake aliuchanganya unga na juisi, na chai iliyopoa, akaumimina kwenye kikombe chenye picha ya samaki. Alimbembeleza, akamwimbia, akamwahidi mwanasesere. Kila funda lilikuwa vita.

Na kama alivyosema daktari, mambo yaliharibika. Maji ya kahawia yalitoka bila kukoma. Yalilowesha mkeka, godoro, kanga, kochi. Vitambaa viliisha, wakachana mashuka. Ngozi ya mtoto ikababuka kwa kufutwa, ikawa kumgusa tu ni kilio. Harufu iliingia kwenye pazia, kwenye nywele. Kila Mama Bosi aliporudi kutoka kazini alianza kuisikia akiwa bado barabarani, hata kama haikuwepo. Na kila siku, kabla hajavua viatu, alilishika tumbo. Jiwe lilikuwa palepale. Wala halikupungua.

Akaanza kuamini kuwa daktari amekosea. Wakati anakata unga aliwaza watakavyomwita ofisini kwa daktari, watakavyosema samahani, tulidhani. Aliona kabisa jeneza, tena dogo, na akajua nani atalitengeneza, kwa sababu baba wa mtoto ndiye seremala. Alilazimika kuacha meza, akaenda kujifungia stoo, akajiuma kiganja ili asisikike.

Alasiri moja alimpigia Bosi magoti kwenye sakafu ya jikoni, kikombe mkononi.

"Kunywa, mama yangu. Nakuomba. Mafunda mawili tu."

Bosi alikuwa amesimama uchi, miguu ameitanua kwa maumivu ya ngozi. Hakutoa amri yoyote. Alimtazama mama yake, akauliza, "Mama, mimi ni mchafu?"

"Nani kasema?"

"Shuleni. Walisema nisikae kwenye mkeka."

Kikombe kilimponyoka Mama Bosi, dawa ikamwagika sakafuni. Alimvuta mtoto kifuani vilevile alivyo, na nguo zake za kazini zikachafuka. "Wewe si mchafu," alisema. "Wewe unaumwa. Si kosa lako. Umenisikia? Si kosa lako." Alirudia hivyo mpaka maneno yakapoteza maana, na yeye ndiye aliyekuwa akilia.

Kesho yake alirudi kutoka kazini, akafungua kabati la vyombo achukue pakiti. Hazikuwepo. Alitafuta kila rafu, ndani ya sufuria, nyuma ya mtungi. Akatoka uani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakunja nguo.

"Mama, dawa ya mtoto iko wapi?"

"Nimeiweka."

"Umeiweka wapi?"

"Mahali ambapo hutaipata. Leo hajanywa, na leo hajachafuka sana. Mwache mtoto apumue, mkwe wangu."

Kitu kilikatika ndani ya Mama Bosi. Alimheshimu mama mkwe wake miaka yote hiyo, hajawahi kumpandishia sauti. Siku hiyo majirani walisikia. "Unataka kuniulia mtoto! Lete dawa! Mama, lete hiyo dawa, la sivyo mimi na wewe leo hatutaelewana!"

Bibi aliacha nguo zikaanguka. "Mimi ndiye nataka kumwua?" alisema. "Nilizaa kabla ya mumeo. Mtoto wa kike. Aliharisha mchana kutwa mikononi mwangu, akakauka nikimtazama, mpaka utosi ukadidimia. Sikuwa na cha kumpa. Sasa mnanikalisha hapa na huyu, anatoka maji, na mnaniambia nimwongeze atoke zaidi? Siwezi! Mwenzangu, siwezi!"

Mama Bosi hakuwahi kuambiwa habari za mtoto huyo, hata na mume wake. Hasira zilimwisha. Alikaa chini, kwenye saruji, mbele ya kigoda.

"Na mimi nilimlisha dada yangu mpaka akafa," alisema. "Nikishika tumbo la huyu namshika yule. Naogopa, mama. Kama hiyo dawa haifanyi kazi, basi ni kile kingine. Ndiyo maana nataka anywe. Nataka nijue."

Hatimaye Bibi aliinuka kwa kushika goti, akaingia chumbani kwake, akafungua sanduku, akarudi na pakiti zote zimefungwa kwenye kitenge. Hakumkabidhi mkwewe. Alikwenda jikoni, akamimina maji, akakoroga unga mwenyewe, akamwita mjukuu wake. Kwanza Bibi mwenyewe akanywa kidogo mbele yake.

"Mbaya?" Bosi akauliza.

"Mbaya sana. Zamu yako."

Bosi akanywa.

Siku ya pili yake, baada ya chakula cha mchana, Bosi alianza kupiga kelele. Si kilio cha kawaida. Ilikuwa sauti ya mnyama. Alikimbilia nyuma ya kabati, akasimama kwa ncha za vidole. Mama yake, aliyekuwa na zamu ya mapumziko, alimnyanyua juu juu. Bosi alimkwaruza shingo. "Sitaki! Itanipasua! Mama, nitapasuka!"

"Haitakupasua. Imeshalainika."

"Muongo!"

Baba yake alikuwa ametengeneza kiti kidogo cha kuweka miguu, kwa sababu daktari alisema magoti yakiwa juu choo hutoka kwa urahisi. Walimkalisha chooni, miguu juu ya kiti. Bibi alichuchumaa mbele yake, akampa mikono yake miwili ashike. "Bana mikono yangu," alimwambia. "Huko kwingine achia. Kama unaniumiza, sawa, niumize." Bosi alibana mpaka kucha zikaingia. Alitokwa na jasho, akasema anakufa, akamwita baba, akamwita mwalimu. Mama Bosi alimshika mgongo kwa nyuma, akajikaza kisabuni, akahesabu pumzi za mtoto kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya.

Kikatoka.

Kilitoka kirefu, kinene, cheusi kwa mbele, na baada yake vingine, na vingine, na mwisho maji mengi. Wanawake wawili waliinama kutazama.

"Huyu mtoto," Bibi akasema, "au kuna ng'ombe alipita hapa?"

Mama Bosi aliangua kicheko. Kilimtoka kwa nguvu hivi kwamba ilibidi ashike ukuta, kisha kikageuka kilio, kisha kikarudi kicheko. Bosi aliwatazama, amelowa jasho kichwani, amechoka kama mtu aliyebeba magunia. Halafu naye akainama kuangalia.

"Msimwage maji," akaamuru. "Baba aone kwanza."

Baba aliitwa. Aliona, akapiga mluzi, akampa bintiye mkono kama mtu mzima. Na ni yeye aliyepata kazi ya kuzibua choo kwa fimbo, mpaka jioni. Bosi alipolazwa, mama yake aliweka kiganja chini ya kitovu, upande wa kushoto. Kiganja kikazama. Palikuwa laini kama unga uliokandwa vizuri. Akaacha mkono hapo, hakutaka kuutoa.

Ingekuwa hadithi fupi kama ingeishia hapo, lakini haikuishia. Daktari alipunguza kipimo, akawaambia waendelee kila siku, miezi kadhaa, hata mtoto akionekana mzima. Bosi akapona machoni pa watu. Alirudi chekechea, akala, akarudisha utawala wake. Pakiti zilipoisha, baba alisema, "Tutamzoesha dawa bure. Utumbo utakuwa mvivu." Ilisikika kama busara. Wakaacha. Haukupita muda, mama akamkuta nyuma ya kabati, kwa ncha za vidole.

Safari hii alikaa mbele ya daktari kama mwanafunzi aliyefeli. "Tuliacha," alisema. "Tulidhani amepona."

"Wengi huacha," daktari alijibu, wala hakukasirika. "Utumbo wake ulitanuka kama lastiki iliyovutwa mno. Hausikii tena choo kikija, na hauna nguvu ya kukisukuma. Kuufanya urudi ni kazi ya miezi. Dawa hii haiufanyi uwe mvivu. Choo kigumu ndicho kinaufanya hivyo."

Wakaanza upya: vikombe, vitambaa, kelele. Haikuwa rahisi mara ya pili, ila sasa walijua wanapigana na nini. Kila baada ya kula, Bosi alikalishwa chooni muda mfupi, kitoke kisitoke, na hakuna aliyemgombeza. Siku nyingine alijichafua, siku nyingine hakujichafua. Kuna wiki mama alihisi wameshinda, na wiki iliyofuata akahisi hawana mbele wala nyuma. Mpaka leo kikombe cha dawa hakijaondoka mezani, ingawa unga umepungua.

Asubuhi moja, Mama Bosi akiwa tayari amevaa nguo za kazini, alisikia mlango wa choo unafungwa. Alikwenda mbio. Bosi alikuwa amekaa peke yake, miguu juu ya kiti, uso umekunjamana kwa kazi.

"Subiri, nakuja nikushike," mama alisema.

"Hapana. Toka."

"Nikushike mgongo tu."

"Mama, toka. Na ufunge."

Akatoka, akafunga. Alisimama kwenye korido, mkoba begani, hajui aifanyie nini mikono yake. Kazini alikuwa ameshachelewa. Ndani, mtoto alikuwa anajisemea mwenyewe kwa sauti ndogo, na mama hakusogea mpaka aliposikia maji yanamwagwa.